Kumi na Mmoja wa Kiungani

Msomaji wangu, neno msimu lilikuwa la mabaharia kabla ya kuwa la wacheza mpira. Tulilipata kwa Waarabu, na maana yake ya kwanza ni majira ya pepo: kaskazi iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi iliyoyarudisha kwao. Leo ukisema hapa Mwabungo au Ukunda kwamba msimu umeanza, kijana atataka kujua nani atacheza na nani. Zamani za babu wa babu zetu mtu wa pwani hii angalitaka kujua upepo umegeuka lini, na kama alikuwa na mtoto mdogo angalimwonya asitembee ufuoni peke yake. Nataka kukupa habari za timu ndogo ya chuo iliyocheza katika siku ambazo maana hizo mbili zilikutana.

Chuo chenyewe kilikuwa Kiungani, mahali palipo kando ya bahari, mwendo mfupi kusini ya mji wa Unguja. Jina lake kamili lilikuwa Chuo cha Mtakatifu Andrea. Kilianzishwa na wamisheni wa Kiingereza wa Misheni ya Vyuo Vikuu, walioitwa hivyo kwa sababu walitumwa na watu wa Oxford, Cambridge, Durham na Dublin baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857. Walijaribu kwanza kukaa katika nchi ya Mto Shire, wakashindwa kwa homa, njaa na vita, ndipo wakaja Unguja mwaka 1864. Walipofika, Sultani Majid aliwapa wavulana 5 waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao watano ndio mwanzo wa shule.

Yafaa ujue wanafunzi waliofuata walipatikanaje, maana hapana shule yako wala yangu iliyopata wanafunzi kwa njia ile. Mwaka 1873 Sultani Barghash, akisongwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kukomesha kusafirisha watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini mkataba ni karatasi, na jahazi lina tanga. Biashara iliendelea kwa siri. Kila kusi ilipoanza kuvuma manahodha walipakia watu usiku na kuelekea Pemba au Arabuni. Waingereza nao waliweka katika bandari ya Unguja manowari kuukuu iliyoitwa London, na kutoka katika manowari hiyo mashua ndogo zilitumwa kuvizia majahazi. Kazi ile haikuwa ya mchezo. Mwezi wa Desemba 1881 nahodha wa London mwenyewe, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipojaribu kulikagua jahazi moja. Watu waliokombolewa waliletwa Unguja, na katika hao watoto wengine walipelekwa kwa wamisheni, wavulana Kiungani na wasichana Mbweni.

Wala usidhani kwamba mambo hayo yalikuwa ya Unguja peke yake, nasi tukakaa salama huku Kwale. Bahari ilipofungwa, wafanyabiashara waligeukia nchi kavu. Misafara ya mateka iliendeshwa kwa miguu kutoka Kilwa hata Pangani, na mingine ikaendelea kaskazini kwa kuifuata pwani, mpaka mwaka 1876 Sultani alipotoa amri ya kuikataza hiyo nayo. Nchi ya Wadigo imo katika njia hiyo. Na kwa waliookolewa upande wetu palianzishwa kijiji cha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mwaka 1875. Kwa hiyo mvulana wa Kiungani ninayekusimulia ni jirani yako wa zamani kuliko unavyofikiri.

Mwaka 1887 mwalimu mmoja wa chuo hicho, A. C. Madan, alitoa kitabu chenye jina la Kiungani, ambacho ndani yake wavulana wenyewe walieleza maisha yao kabla ya kufika. Huyu alitoka kwa Wayao, yule kwa Wamakua, mwingine katika nchi ya Nyasa. Wameandika habari za vijiji, vita, njaa na safari, jinsi walivyobadilishwa kwa nguo au kuuzwa mkono hata mkono hadi pwani. Madan ndiye yule aliyetunga baadaye kamusi za Kiswahili na Kiingereza, na kwa kazi hiyo tunamkumbuka. Mimi naona kukusanya masimulizi yale ni kazi isiyopungua kamusi kwa faida. Historia nyingi ya utumwa imeandikwa na watu waliouona wakiwa juu ya sitaha ya meli. Ile iliandikwa na waliokuwa chini.

Sasa mfikirie mvulana huyo siku za kwanza. Hana baba wa kumtaja, hana kijiji cha kurudia, na lugha aliyonyonya kwa mama yake haijulikani na anayelala mkeka wa pili. Kabla ya mwaka 1873 kila mtumwa aliyeteremshwa Unguja alihesabiwa katika forodha na kutozwa ushuru, kama pembe na karafuu. Hata baada ya soko kufungwa, kichwani mwa watu wengi hesabu ilikuwa ile ile. Shuleni alifundishwa Kiswahili, kwa kuwa hapakuwa na lugha nyingine ya kuwakusanya. Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882, alikuwa bingwa wa Kiswahili cha Unguja, na vijana wa misheni walijifunza kupanga herufi za chapa na kuchapa vitabu kwa mikono yao. Walisoma, walilima, walichapa, waliimba. Na alasiri walicheza mpira.

Mpira ule ulikuwa mgeni hata kwao Waingereza. Chama chao cha mpira kilianzishwa London mwaka 1863, mwaka mmoja tu kabla ya wamisheni kuingia Unguja. Kabla ya hapo kila shule kubwa ya Uingereza ilikuwa na kanuni zake, hawa wakishika mpira kwa mikono, wale wakipigana mateke ya miguu bila haya. Vijana waliosoma katika shule hizo na kupita Oxford na Cambridge waliamini kabisa kwamba mchezo wa uwanjani hufundisha tabia njema. Walikuwa na imani hiyo karibu sawa na ile iliyowaleta Afrika. Walipokuwa walimu wakaona ni wajibu wao kuuleta mpira pamoja na ubao na chaki. Mwaka 1879 kampuni ya Eastern Telegraph ilifikisha Unguja waya wa simu uliopita chini ya bahari kutoka Aden, na vijana wa kampuni hiyo nao walipenda mpira. Basi chuo kilikuwa na walimu wa kukifundisha na watu wa kucheza nao, na katika miaka ya 1880 mchezo huo ulikuwa umeshika mizizi Kiungani.

Lakini ukienda kwa mawazo kuutazama mchezo wao, utashangaa. Hukuti wavu golini, kwa sababu nyavu zilianza kutumika Uingereza mwaka 1891. Hukuti nukta ya penalti wala eneo la hatari, kwa kuwa penalti nayo ni ya mwaka huo wa 1891. Mwamba wa juu wa goli ulifanywa kuwa lazima mwaka 1882. Zamani za kwanza kamba au utepe ulitosha, na ugomvi juu ya mpira uliopita juu au chini ya kamba ulikuwa mwingi, kama ugomvi wa watoto wanaotumia mawe mawili kuwa goli hadi leo. Refa hakukimbia na filimbi katikati ya uwanja. Kila upande ulitoa mwamuzi wake, na waamuzi hao wawili wakishindwa kupatana ndipo refa aliyesimama nje alipoulizwa. Mimi nikiwa mwalimu wa vijana naona ajabu kubwa kwamba mchezo wowote uliweza kwisha.

Mlinda lango alikuwa na uhuru ambao wa leo angeuonea wivu, na mashaka ambayo asingeyataka. Hadi mwaka 1912 aliruhusiwa kuushika mpira popote katika nusu yake ya uwanja. Lakini katika miaka ile ya 1880 washambuliaji waliruhusiwa kumpiga kikumbo hata kama hana mpira mkononi, hivi kwamba mmoja alitumwa kumwangusha na mwingine akapiga. Kuotea pia kulikuwa kukali zaidi: ilikuwa lazima wapinzani watatu wawe kati yako na goli, na haikupunguzwa kuwa wawili mpaka mwaka 1925. Kwa sababu hiyo mtu hakuweza kusimama mbele akingoja pasi ndefu. Aliyetaka kufunga alipaswa kuchukua mpira na kuukokota mwenyewe, akipita huyu na yule. Timu nyingi za wakati ule zilijipanga hivi: walinzi wawili nyuma, watatu katikati, na watano mbele. Watano mbele, msomaji! Kocha wa siku hizi akiambiwa afanye hivyo atadhani unamtania.

Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi iliyoshonwa, na ndani yake kibofu cha mpira. Ukilowa maji ulikuwa mzito kama furushi la nguo mbichi, na kuupiga kwa kichwa pale ulipofungwa kamba kuliacha alama kwenye paji. Fikiri basi mguu mtupu ukiupiga mpira huo baada ya mvua ya masika. Watu wetu waliendelea kuupiga kwa miguu mitupu miaka mingi. Timu ya Uganda iliyozuru Uingereza mwaka 1956 ilicheza huko bila viatu, na Waingereza waliotazama walikodoa macho.

Neno letu mpira lastahili kutazamwa kidogo. Katika Kiswahili cha siku zile, kama leo, lilikuwa jina la ule utomvu unaonyumbuka, na pia la kitu cha kuchezea. Katika miaka ya 1870 na 1880 utomvu wa mitambaa ya msituni, ambayo mmoja wapo ulipewa jina la kitaalamu la Landolphia kirkii kwa heshima ya balozi John Kirk, ulikuwa bidhaa kubwa ya pwani ya kusini. Ulichumwa katika nchi zile zile za Kilwa na Lindi ambazo mateka walipitishwa. Mvulana wa Kimakua aliyeona mpira wa kuchezea Kiungani kwa mara ya kwanza huenda aliufahamu kwa kuunusa kabla ya kuufahamu kwa kuupiga.

Tuje kwenye msimu. Usitafute jedwali la ligi, kwani hata Uingereza haikuwa na ligi mpaka Septemba 1888, timu 12 zilipoanza kucheza kwa ratiba, na Preston North End wakamaliza msimu huo wa kwanza bila kushindwa hata mchezo mmoja. Ratiba ya Kiungani ilipangwa na bandari. Manowari ikitia nanga, wanamaji waliteremka wakitafuta mchezo, na chuo kilikuwa tayari. Ikiondoka kwenda doria, timu ilibaki kucheza na vijana wa kampuni ya simu au wenyewe kwa wenyewe. Mchezo mkubwa ulichezwa Mnazi Mmoja, kiwanja kilicho ukingoni mwa mji, na mahali pale hapana mtu wa kuzuiwa kutazama: mchuuzi, mpagazi, Mhindi mwenye duka, Mwarabu aliyetoka kuswali alasiri.

Hapo ndipo nataka usimame nami kidogo. Upande mmoja ni wanamaji wa manowari za kuzuia utumwa. Upande wa pili ni wavulana, na katika hao wamo waliotolewa na wanamaji wa namna hiyo chini ya sitaha ya jahazi, wamekunjamana, wana njaa, wengine hawawezi hata kusimama. Miaka michache imepita. Sasa wanasimama kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, na kanuni ni moja. Baharia akimpiga kikumbo kijana, kijana ana haki ya kumpiga kikumbo vile vile. Hapakuwa na mahali pengine katika Unguja ya wakati ule, wala kanisani, wala darasani, wala sokoni, ambapo kijana aliyekuwa mateka aliweza kumwangusha Mwingereza chini na mwamuzi aseme, endeleeni.

Na tazama jinsi kijana yule alivyoingia katika hesabu hiyo ya kumi na moja. Forodhani alihesabiwa kwa sababu alikuwa na bei. Jahazini alihesabiwa ili ijulikane wangapi wamekufa. Hata kuokolewa kwake kulikuwa hesabu, maana wanamaji walilipwa zawadi ya fedha na serikali yao kwa watumwa waliowakomboa. Katika timu alihesabiwa kwa sababu alikimbia upesi, au alikuwa na mguu wa kushoto mzuri, au hakuogopa kikumbo. Alichaguliwa kwa kile alichoweza kufanya. Yawezekana lilikuwa jambo dogo machoni pa mwalimu aliyeandika majina. Mimi siamini kwamba lilikuwa dogo kwa aliyeandikwa.

Lakini timu hiyo haikuwa ya watoto waliokombolewa peke yao. Kadiri miaka ilivyopita misheni ilizidi kupeleka Kiungani vijana wa bara waliozaliwa huru, hasa kutoka Magila katika nchi ya Wabondei, nyuma ya Tanga. Hao walikuwa na baba, na ukoo, na wengine walikuwa na jamaa wenye vyeo. Wewe uliyekulia pwani wajua uzito wa swali, "Huyu ni mtoto wa nani?" Mwungwana na mtumwa hawakula sahani moja katika mji wa Unguja, na hapana shaka kwamba fikira hizo ziliingia na vijana kupitia lango la chuo. Wamisheni walihubiri usawa, na mahubiri yana kazi yake. Lakini mtu akicheza pembeni na mwenziwe akiwa katikati, na mpira umekuja, hana wakati wa kuuliza ukoo wa anayempasia. Wakishinda wameshinda wote. Wakifungwa, ubishi wa usiku ule bwenini huwa juu ya nani aliacha nafasi yake, wala si juu ya nani alizaliwa wapi. Jina la kuwaunganisha lilikuwa moja tu, nalo ni jina la shule.

Naona hapo ndipo thamani ya timu ile ilipo kwa mwandishi wa historia. Katika pwani yetu mashindano ya ngoma, ya ng'ombe na ya mashua yalikuwa ya mtaa na mtaa, ukoo na ukoo. Mtu alizaliwa katika upande wake. Kiungani upande ulitungwa na watu ambao hawakuwa na damu moja, wala dini moja ya wazee, wala lugha moja ya nyumbani, na waliitana uwanjani kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho walichokuwa nacho wote.

Mwaka 1888 wanafunzi na walimu wa Kiungani walianzisha gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Ni miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya lugha hii. Lilipelekwa hata kwenye vituo vya misheni vya bara, na ndani yake mliandikwa barua za walimu, habari za safari, za mitihani, za vifo na ndoa, na pia habari za michezo, kriketi na mpira. Kwa hiyo kuandika juu ya mpira kwa Kiswahili ni jambo lenye umri mkubwa kuliko watu wanavyodhani, na lilianza katika mwaka ule ule Waingereza walipoanza ligi yao.

Mwaka huo ulikuwa mchungu kwa pwani nzima. Kampuni ya Wajerumani ilijaribu kutawala miji kutoka Tanga hadi Mikindani, na watu wakainuka, wakiongozwa Pangani na Abushiri bin Salim. Kampuni ya Waingereza ilipewa hati na malkia wao ikashika Mombasa na ukanda huu wetu. Mwezi wa Desemba manowari za mataifa hayo mawili zilianza kuizingira pwani, wakisema wanazuia watumwa na silaha. Mwaka 1890 Unguja yenyewe ilitiwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Basi wanamaji waliocheza Mnazi Mmoja walikuwa watumishi wa nguvu iliyokuwa ikiitwaa nchi, hata kama wao wenyewe walitaka kucheza mpira tu.

Ndiyo maana nasema usinielewe vibaya. Filimbi ya mwisho ilipolia usawa ulikwisha. Baharia alirudi kwenye manowari yenye mizinga, na kijana alirudi kwenye shule iliyoongozwa na wageni. Utumwa katika sheria haukuondolewa Unguja mpaka mwaka 1897, na katika ukanda wa pwani ya Kenya mpaka 1907. Maana yake ni kwamba kijana wa Kiungani aliyekwenda mjini siku ya mapumziko aliweza kukutana na mtu wa kabila lake ambaye bado alikuwa mali ya mwingine. Tena mapadre waliopenda kumwona akicheza vizuri hawakukubali upesi aamue mambo ya chuo. Wa kwanza katika Waafrika wa misheni ile kuwa padre, Cecil Majaliwa, mwanafunzi wa Kiungani, alipadirishwa mwaka 1890, miaka 26 baada ya wale wavulana watano.

Ulimwenguni kwingine nako mpira ulikuwa ukianza kufungua milango midogo. Arthur Wharton, aliyezaliwa Accra mwaka 1865, alikuwa mlinda lango wa Preston katika miaka hiyo ya 1880, na baadaye akawa mchezaji wa kulipwa Uingereza. Katika India, mwaka 1911, timu ya Mohun Bagan ya Calcutta, ambayo wachezaji wake karibu wote walicheza miguu mitupu, iliifunga timu ya askari wa Kiingereza mabao 2 kwa 1 na kuchukua ngao, na Wahindi wakashangilia kama waliopata ushindi wa vita. Kiungani haikupata siku kama hiyo. Watu wake walikuwa wachache mno, na shukrani yao kwa waliowaokoa ilikuwa ya kweli, jambo ambalo sisi wa leo tusiliite ujinga. Aliyefunguliwa pingu hamchukii upesi aliyezifungua, hata kama mfunguaji ana haja zake nyingine.

Vijana wale walipomaliza masomo wengi wao wakawa walimu. Walitumwa Magila, Masasi, Newala na kando ya Ziwa Nyasa, na popote walipofika palijengwa shule, na mbele ya shule palifyekwa kiwanja. Mji wa Unguja nao haukuuachia wamisheni mchezo huo. Watu wa Ng'ambo, waliokuwa wakitazama kutoka pembeni mwa Mnazi Mmoja, waliunda timu zao wenyewe za mitaa, na muda si mrefu mpira ukawa mazungumzo ya baraza kila jioni, mpira wa Waislamu na wa kila mtu, usio na habari ya Oxford. Mwaka 1926 timu za Kenya na Uganda zilikutana Nairobi kugombea Kombe la Gossage, lililotolewa na watengeneza sabuni wa Uingereza. Kenya ilishinda 2 kwa 1 baada ya mchezo wa kwanza kwisha sare.

Chuo chenyewe kilihama Unguja katikati ya miaka ya 1920 kikaenda Minaki, karibu na Dar es Salaam, na jina la Mtakatifu Andrea likaenda nacho. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi za Afrika ya Mashariki walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, hicho ninachokuandikia sasa. Kazi ya Steere, Madan na vijana wa mashine ya chapa ilikuwa na sehemu kubwa katika uchaguzi huo, ingawa watu wa Mvita na Lamu walikuwa na maneno mazito ya kusema juu yake, na bado wanayo.

Nimalize na mtu mmoja aliyepita katika viwanja hivyo. Martin Kayamba alizaliwa Mbweni mwaka 1891, katika familia ya Kibondei ambayo baba naye alikuwa mwanafunzi wa Kiungani, na yeye mwenyewe akasoma hapo. Baadaye alifanya kazi ya serikali Mombasa na mahali pengine, akarudi Tanganyika, na mwaka 1922 akaanzisha Tanga chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Ni katika vyama vya kwanza vya aina hiyo katika nchi ile, na kiliwakusanya Waislamu na Wakristo, watu wa pwani na wa bara. Walikutana kusoma magazeti na kujadili mishahara na haki zao. Chama kilikuwa pia na timu ya mpira.